Kusoma Talmudi na Midrashi bila kumeza kila kitu wala kutema kila kitu

Fundi Kalamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada ya maandiko ya Kiyahudi kama Talmudi (sheria na mijadala ya marabi) na Midrashi (tafsiri zao za Biblia) ikiibuka huwa nasoma aina mbili za michango. Mmoja anasema haya ni maneno ya wazee watakatifu, usiulize. Mwingine anachomoa kisa cha ajabu, anacheka, anafunga mjadala. Wote wawili wamesoma kwa jicho lilelile: wanadhani kila sentensi ni taarifa ya habari.

Si jambo geni. Musa bin Maimuni, tabibu na mwanasheria wa Misri aliyeandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, alimaliza sharhe yake ya Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, mwaka 1168. Katika utangulizi wa mlango wa kumi wa Sanhedrini, mojawapo ya risala (vitabu) za Mishna, anawagawa wasomaji wa visa vya marabi mafungu matatu. La kwanza wanachukua kila neno kama lilivyo na kuamini, hao anawahurumia. La pili nao wanachukua kila neno kama lilivyo, ila wanakejeli; hao anawaona wajinga kuliko wa kwanza. La tatu wanajua mwenye hekima husema kwa mafumbo, na anasema hao ni wachache mno.

Hoja yangu ni kwamba shaka ni chombo, na chombo lazima kielekezwe mahali pake. Kabla ya kutilia shaka au kusifu kifungu, jiulize mambo haya:

Ni halakha au agada? Halakha ni sheria na hoja zake. Agada ni visa, mawaidha, tafsiri za aya, dawa, ndoto, hata masimulizi ya mabaharia. Wakuu wa vyuo vya Babeli wa karne ya 10 na 11, kama Sherira na mwanawe Hai, walisema wazi kwamba agada haitegemewi kutolea hukumu. Kwa hiyo anayesema "Uyahudi unafundisha" akishikilia kisa cha agada peke yake ameshateleza.

Ni tabaka gani? Mishna ilikusanywa mwaka 200 hivi na Rabi Yehuda Mkuu. Talmudi ni Mishna pamoja na mjadala wake, uitwao Gemara; ya Yerusalemu ilikamilika karibu miaka 200 baadaye, ya Babeli baadaye zaidi. Ndani ya ukurasa mmoja wa Babeli kuna maneno ya Mishna, mapokeo ya zama za Mishna yaliyoachwa nje yake, kauli za marabi waliotajwa majina, na sauti isiyo na jina inayounganisha yote. Hiyo isiyo na jina kwa kawaida ndiyo ya mwisho kuandikwa, na ndiyo inayomsukuma msomaji aelewe mambo kwa namna fulani. Ichunguze kuliko zote.

Kisa kinaishia wapi? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mfano ni tanuri la Akhnai, risala ya Bava Metzia 59b katika Talmudi ya Babeli. Rabi Eliezeri na wenzake wanabishana kama tanuri la vigae vilivyopangwa huku mchanga ukiwa katikati linapokea unajisi. Eliezeri anasema halipokei. Analeta ishara: mti wa karobu unahama dhiraa 100, maji ya mfereji yanarudi nyuma, kuta za nyumba ya masomo zinainama. Mwisho sauti ya mbinguni inasema sheria ni kama asemavyo yeye. Rabi Yehoshua anasimama: "Haiko mbinguni", Kumbukumbu la Torati 30:12. Rabi Yirmia anaeleza kwamba Torati imeshatolewa Sinai, hatusikilizi sauti, tunafuata walio wengi. Na Mungu, kwa mujibu wa nabii Eliya, akacheka: "Wanangu wamenishinda."

Watu hukatia hapo, wakapiga makofi kwa ushindi wa akili. Endelea kusoma. Walio wengi wanachoma kila kitu ambacho Eliezeri aliwahi kukiita safi, kisha wanamtenga. Rabi Akiva anaenda kumpa habari akiwa amevaa nguo nyeusi. Eliezeri analia, na theluthi ya zeituni, theluthi ya ngano na theluthi ya shayiri zinaharibika. Mwishoni Rabani Gamalieli, mkuu wa baraza na shemeji yake, anakufa kwa kilio cha huyo aliyetengwa. Angalia na kinachojadiliwa kabla ya kisa: dhambi ya kumwumiza mtu kwa maneno. Kisa kimewekwa pale kuonyesha gharama ya ushindi ule.

Jambo la mwisho kwenye kisa hichohicho: "tunafuata walio wengi" imetolewa Kutoka 23:2. Fungua Biblia yako. Aya inakataza kuandama wengi katika uovu. Yirmia amekata kipande cha mwisho na kukigeuza. Mwandishi alijua, na aliyesikia alijua. Ukiona hilo unaweza kushuku hoja na kufurahia ustadi kwa wakati mmoja.

---

Bint Shangani

Ahsante mleta uzi. Swali langu ni Gittin 56b, kisa cha Tito. Anachoma Hekalu, anatukana, mbu anaingia puani, anamgonga ubongo miaka 7, na walipopasua kichwa wakakuta amekuwa kama ndege. Aliyepita madrasa atasema hiki ni kisa cha Namrudi na mbu. Sasa nani kachukua kwa nani, na Myahudi mwenye akili anakisomaje?

---

Karani wa Vyuo

Dada Bint Shangani, la pili lina jibu zuri kuliko la kwanza. Azariah de' Rossi, Myahudi wa Italia, alichapisha kitabu chake Mantua kati ya 1573 na 1575. Alikipima kisa hiki kwa historia ya Kirumi: Tito alitawala tangu 79 hadi 81, na Suetonius anaandika kwamba alikufa kwa homa. Akaongeza kwamba matoleo ya kisa chenyewe hayaafikiani. Akahitimisha kuwa wahenga walitunga ili kuonyesha kwamba jeuri mkubwa huangushwa na kiumbe mdogo kabisa. Hakuwadharau. Alisema wametumia fani ya masimulizi, na fani hiyo ina sheria zake.

Halikupita kimya. Marabi wa Venice walitoa amri mwaka 1574 kwamba asikisome mtu bila idhini, na Maharal, rabi wa Prague, alimshambulia vikali mwaka 1598. Kwa hiyo tusiwapake rangi ya upole wote. Mapokeo haya yana wenye shaka na yana waliowafungia mlango.

Kuhusu nani kachukua kwa nani, kisa kinachomwangusha jeuri kwa mdudu kimesafiri, na majina hubadilika njiani. Ndugu yake wa karibu zaidi ni Ibrahimu na moto: Mwanzo Raba 38, midrashi ya kitabu cha Mwanzo, ina Tera muuza masanamu, Ibrahimu anayeyavunja na kumpa kubwa kuliko yote silaha mkononi, kisha tanuri la Namrudi. Kitabu cha Mwanzo chenyewe hakina hayo, na Kurani 21:51-70 ina kuvunjwa kwa masanamu na moto. Wafasiri Waislamu waliviita visa vya namna hii israiliyati na wakaviwekea vigezo: kinachothibitishwa, kinachokanushwa, na kinachosimuliwa bila kusadikishwa wala kukadhibishwa. Hilo fungu la tatu linafanana sana na agada ya mleta uzi.

---

Mpinga Ngano

Mnazunguka tu. Kama ni hekaya semeni hekaya. Kitabu kinachosema jua usiku linapita juu ya mbingu kina faida gani mwaka huu? Na yule samaki ambaye mabaharia walipika mgongoni mwake wakidhani ni kisiwa?

---

Fundi Kalamu

Mkuu, umechagua mifano miwili mizuri kuliko ulivyodhani.

Jua liko Pesahimu 94b. Wahenga wa Israeli wanasema mchana jua hupita chini ya anga na usiku juu yake. Wahenga wa mataifa wanasema mchana chini ya anga, usiku chini ya ardhi. Rabi Yehuda Mkuu, mkusanyaji wa Mishna mwenyewe, anasema maneno yao yanaonekana kuwa sahihi kuliko yetu. Ushahidi wake ni chemchemi: mchana baridi, usiku zinafuka mvuke. Ushahidi huo ni mbovu, maana mvuke unaonekana kwa sababu hewa imepoa. Lakini kukiri kumeandikwa na hakukufutwa. Maimonides, yaani yule Musa bin Maimuni, katika kitabu chake Mwongozo, 3:14, anasema usitake nipatanishe kila walichosema kuhusu nyota na hali halisi, kwa sababu elimu ya hesabu wakati wao ilikuwa pungufu.

Samaki yuko Bava Batra 73b, simulizi za Raba bar bar Hana. Mchanga umejaa mgongoni, majani yameota, wanashuka, wanapika, mgongo unapata moto, samaki anajipindua. Msomaji wa pwani anamjua huyo, ni wa Sindbad. Kwa nini yumo kwenye kitabu cha sheria za mali? Kwa sababu Mishna ya mlango huo inaanza na muuza jahazi: akiuza chombo, je, ameuza na mlingoti, tanga na nanga? Wamemaliza kamba na tanga, wakaingia hadithi za bahari, kama barazani. Hakuna aliyedai ni elimu ya samaki.

---

Karani wa Vyuo

Niongeze upande mchafu zaidi: nukuu za mitandaoni. Shaka ya kwanza ielekezwe kwa picha uliyotumiwa, kabla ya Talmudi yenyewe. Hatua ninazoshauri:

Tafuta jina la risala. Mishna ina risala 63, na Talmudi ya Babeli ina Gemara juu ya 37. Kuna orodha inayozunguka yenye "Libbre David 37". Hakuna kitabu cha jina hilo. Umemaliza, usipoteze saa.

Tazama namba. Nukuu sahihi ya Babeli ina jina, namba ya karatasi, na uso, a au b. Karatasi zinafuata chapa ya Daniel Bomberg, Venice, 1520 hadi 1523, na karibu kila risala huanza karatasi ya 2. Ukiona "Sanhedrini 1a", mtu amebuni. Berakoti inaishia 64a, Sanhedrini 113b, Bava Batra 176b. Talmudi ya Yerusalemu hunukuliwa kwa mlango na halakha, kwa hiyo usiichanganye.

Fungua maandishi yenyewe. Maktaba ya Sefaria haina malipo na ina tafsiri ya Kiingereza ya Steinsaltz. Hapa wengi hujikwaa: maneno yenye wino mzito ndiyo ya Talmudi, na yenye wino wa kawaida ni maelezo ya mfasiri yaliyopachikwa ili sentensi ieleweke. Ukinakili mahali ambapo wino mzito unapotea, unamtwika Rava, rabi wa Babeli, maneno ya mwaka juzi.

Soma kuanzia mwanzo wa hoja hadi hukumu. Sanhedrini 59a ndiyo kielelezo. Rabi Yohanani anasema asiye Myahudi anayejishughulisha na Torati anastahili kifo. Wachochezi hukata hapo. Mistari michache baadaye kuna pingamizi: Rabi Meiri anafundisha kwamba asiye Myahudi anayejishughulisha na Torati ni kama Kuhani Mkuu, kwa kuwa Walawi 18:5 imesema "mtu", haikusema makuhani, Walawi na Waisraeli. Gemara inapatanisha: Meiri anazungumzia zile amri saba zinazowahusu watu wote. Upatanisho huo mimi naona ni mwembamba na haumtendei Meiri haki. Mtu ana ruhusa kusema hivyo. Asichoruhusiwa ni kuonyesha mstari mmoja na kuficha wa pili.

Uliza chapa na hati. Mishna Sanhedrini 4:5, onyo kwa mashahidi wa kesi ya kifo: aangamizaye nafsi moja ni kama ameangamiza ulimwengu mzima. Chapa nyingi zina "nafsi moja ya Israeli". Hati ya Kaufmann, miongoni mwa nakala bora za Mishna tulizonazo, haina neno hilo. Na Kurani 5:32, inayosema "tuliwaandikia Wana wa Israeli", nayo inasema nafsi bila kubagua.

Kumbuka pia wakaguzi wa Kanisa. Chapa ya Basel ya 1578 hadi 1581 iliiacha Avoda Zara, risala ya ibada ya sanamu, yote na kubadili maneno mengi mahali pengine. Kwa hiyo neno "mwabudu nyota" unalolikuta kwenye chapa ya zamani huenda liliwekwa na mkaguzi mahali pa neno lingine. Hati ya Munich ya mwaka 1342, pekee iliyobeba karibu Babeli nzima, ndiyo ya kulinganishia.

---

Mwana wa Mlango wa Nne

Na Zohari, kile kitabu cha mafumbo ya kiroho? Watu wanaiuza kama kitabu cha Shimoni bar Yohai, rabi wa Galilaya wa karne ya 2.

---

Fundi Kalamu

Ilijitokeza Kastilia mwishoni mwa karne ya 13, mikononi mwa Musa de León, aliyefariki 1305. Kiaramu chake ni cha mtu aliyejifunza vitabuni, kina makosa ambayo mzungumzaji asingeyafanya. Linaelezwa neno "esnoga", sinagogi kwa lugha ya Wayahudi wa Hispania, kana kwamba ni Kiebrania "esh noga", moto wa mng'ao. Mtu wa Galilaya wa karne ya 2 asingelijua. Rabi Yakobo Emden aliorodhesha dosari kama hizi mwaka 1768, na huyu alikuwa mshika dini kwelikweli. Yeye hakuikataa yote, alisema kuna kiini cha kale kilichoongezewa. Wataalamu wa karne ya 20 walikwenda mbali kuliko yeye.

Sasa, tarehe ikishahama, kitabu kinapungua? Kama ulikithamini kwa sababu ya jina la mwandishi, ndiyo. Kama ulikithamini kwa namna kinavyofungua mstari mmoja wa Wimbo Ulio Bora hadi ukawa bustani, hakijapungua hata herufi. Ila usikinukuu kama ushahidi wa karne ya 2. Ni kitabu kikuu cha Hispania ya karne ya 13, kisomwe hivyo.

---

Bint Shangani

Nimeelewa. Lakini je, kuna mahali ndani ya Talmudi pale pale ambapo mtu anasema fulani hakuwapo? Maana de' Rossi ni wa juzi.

---

Karani wa Vyuo

Lipo, tena kuhusu Ayubu, ambaye Waswahili wamemtungia utenzi. Bava Batra 15a. Msomi mmoja asiyetajwa jina amekaa mbele ya Rabi Shmueli bar Nahmani, anasema: Ayubu hakuwapo wala hakuumbwa, ni mfano tu. Shmueli anamjibu kwa aya: "Palikuwa na mtu katika nchi ya Usi, jina lake Ayubu." Msomi anarudisha: na yule maskini mwenye mwanakondoo mmoja, 2 Samweli 12:3, je, alikuwapo? Si mfano wa Nathani? Shmueli: basi kwa nini Ayubu ametajwa jina na mji wake?

Angalia ubora wa pande zote mbili. Huyu anatoa mfano unaovunja hoja ya "imeandikwa palikuwa". Yule anaonyesha tofauti ya kifasihi: mafumbo kwa kawaida hayana majina ya watu na miji. Hakuna aliyefukuzwa. Baada ya hapo ukurasa unaendelea kupanga Ayubu aliishi lini, na majibu yanatofautiana kwa mamia ya miaka.

Karatasi hiyohiyo wanabishana nani aliandika aya nane za mwisho za Torati, zinazosimulia kifo cha Musa. Mmoja anasema Yoshua. Rabi Shimoni anasema Musa mwenyewe, Mungu akisema naye akiandika kwa machozi. Ibn Ezra, mfasiri wa Biblia wa karne ya 12, alidokeza aya nyingine zaidi, mojawapo ni Mwanzo 12:6, "Mkanaani alikuwa katika nchi wakati huo", akaandika kwamba kuna siri na mwenye akili atanyamaza. Mwanafalsafa Spinoza hakunyamaza, 1670.

---

Mpinga Ngano

Hapo kwa Ayubu mmenipata kidogo. Mtu wa kawaida aanzie wapi, bila Kiebrania?

---

Fundi Kalamu

Mkuu, usianze Berakoti 2a ukienda mbele karatasi moja kila siku. Mpango huo upo tangu 1923, karatasi 2,711 kwa miaka saba na nusu, na unafaa mtu mwenye mwalimu. Peke yako utapotea wiki ya kwanza.

Anza Bava Metzia 58b hadi 59b. Kwanza soma Mishna pekee, mistari michache: kama ulivyo udanganyifu katika kuuza, ndivyo ulivyo katika maneno. Pili, soma Gemara ukitia alama kila mahali mzungumzaji anapobadilika. Pasipo na jina andika "sauti". Tatu, kila aya ya Biblia inayotajwa ifungue nyumbani kwake, soma aya tatu kabla na tatu baada. Nne, ndipo usome Rashi, mfasiri wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki 1105. Kwenye chapa ya kawaida yuko upande wa ndani wa karatasi, na wajukuu na wafuasi wake, Tosafoti, upande wa nje. Ukianza na Rashi utaona maneno laini na hutagundua mahali alipoziba ufa.

Jihadhari na namba za aya. Katika Kiebrania kichwa cha Zaburi huhesabiwa, kwa hiyo Zaburi 51 inapishana na Biblia ya Kiswahili kwa aya mbili. Malaki ana sura 3 kwao, 4 kwetu. Watu wengi wameitana waongo kwa sababu hiyo tu.

---

Mwana wa Mlango wa Nne

Swali dogo kabla uzi haujazama. Mijadala mingi naona inaisha na neno "teiku". Nimesikia ni kifupisho: Mtishbi, yaani Eliya, atakuja kujibu maswali na utata.

---

Karani wa Vyuo

Kifupisho hicho kilibuniwa baadaye. Neno ni Kiaramu cha kawaida, "isimame", yaani swali libaki hapo lilipo. Limo zaidi ya mara 300 katika Babeli. Ufafanuzi wa Eliya unapendeza na hakuna ubaya kuusimulia, ila usiuweke kwenye kamusi.

Na "teiku" haina maana kwamba waamuzi walikaa bure. Kwenye shauri la mali, anayedai ndiye mwenye kuleta ushahidi, kwa hiyo mali hubaki kwa aliyeishika. Kwenye katazo la Torati, huchukuliwa upande mgumu. Kwenye katazo la marabi, upande mwepesi. Swali lenyewe linaachwa kwenye ukurasa bila jibu.